Mtu Asiyepeana Mkono

Goma ni mji ambao hata watu waliogombana asubuhi hupeana mkono jioni, lakini tulikuwa na mzee mmoja aliyekataa mkono wa kila mtu. Ukimnyooshea wako aliutazama, akaushika kwa vidole viwili, akaugeuza kiganja juu, kisha akakurudishia. "Iko muzima," alisema, akaendelea na njia yake. Wageni walikasirika. Sisi wa mtaa wa Majengo tulimzoea kama tulivyozoea vumbi jeusi la mawe.

Tulimwita Muzee wa Plasta. Jina lake lilikuwepo, limeshonwa kwenye koti lake jeupe, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa akifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya cha mtaa wetu, akifunga mifupa iliyovunjika kwa plasta, ule unga mweupe unaoloweshwa na kukauka juu ya kitambaa. Miguu alifunga, mabega alifunga, lakini alisifika kwa mikono. Na kazi ya mikono haikumkosa. Nyumba zetu ni za mawe ya volkano. Wako wanaume wanaoyachonga na wamama wanaoyaponda kuwa kokoto, na nyundo haichagui. Halafu kuna chukudu, zile pikipiki zetu za mbao zisizo na injini, zinazoteremka kutoka Kibati na mzigo wa viazi au makaa mrefu kuliko dereva. Breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Siku kipande kinapochoka, mkono ndio hutangulia chini.

Salamu yake ilikuwa moja: "Funga ngumi." Hakuuliza umeamkaje wala watoto hawajambo. Ngumi nzima, alisema, kucha zake zote huinamia mahali pamoja, chini ya kidole gumba. Kidole kimoja kikimpanda jirani yake, mfupa wake umejisokota, na usiporudishwa utapona hivyohivyo, na mwenyewe atashika jembe na kijiko kwa taabu mpaka kaburini. Fundo la ngumi likizama, hilo nalo lilimwambia kitu. Na pale chini ya gumba, ukilinyoosha sana, kuna kishimo kidogo ambamo bibi zetu huweka ugoro kabla ya kuunusa. Hapo alibonyeza polepole. Mtu akishtuka alifungwa plasta, hata kama radio, maana ndivyo tunavyoita picha ya mifupa, imeonyesha mkono hauna neno.

"Huu mufupa iko na haya," alikuwa akisema. "Leo anajificha. Urudie kiisha wiki mbili, utamuona kwa radio."

Vidole vyake vilikuwa vya mama anayemwogesha mtoto mchanga, lakini ulimi wake ulikuwa wa mahakimu wa zamani. Nilikuwepo siku alipokuja mwanamume mmoja, mkono umevimba, na jeraha dogo juu ya fundo la kidole cha kati. Alieleza kwa kirefu jinsi alivyoanguka na chukudu kwenye mteremko. Muzee alilitazama jeraha, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Papa," akasema, "chukudu yako iko na meno?"

Benchi zima tulicheka. Kumbe yule mwanamume alikuwa amempiga shemeji yake mdomoni, na jino limeingia hadi kwenye fundo. Muzee alimwambia mbele yetu sote kwamba mdomo wa mtu ni mchafu kuliko mfereji wa soko, kwamba jeraha kama hilo halishonwi bali huoshwa na kuachwa wazi, na kwamba angeficha ukweli siku mbili zaidi angekatwa mkono. Kisha alimuosha taratibu sana, hata yule mtu akasinzia.

Waliokuwa wakimkasirisha kuliko wote ni wale waliokandwa kwanza nyumbani. Kwetu mtu akiumia mkono, kabla hajatafutiwa nauli, ameshatafutiwa mama wa kukanda kwa maji ya moto na siagi ya ng'ombe. Wanafika mifupa imesambaa. "Mufupa haiko bugali!" alipiga kelele mpaka wanaopita barabarani wakasimama. "Bugali njo inasongwa! Mufupa inapumuzishwa!" Kesho yake ungemwona mkewe mwenyewe anamkanda mgongo kwa siagi ileile, mlango wazi, naye ametulia.

Watu hupenda kusema mzee wa aina hii hakuwaogopa wenye bunduki. Yeye aliwaogopa. Katika ule uasi wa kwanza na katika uliofuata, askari wa kila upande walikuja na vidole vyao vilivyovunjika, na aliwapitisha mbele ya wamama waliokaa kwenye benchi tangu alfajiri. Mama mmoja alipomfokea, alijibu kwa sauti ya chini, "Mutu ya bunduki asikawie kwa mulango yangu. Nakufunga weye muzuri, yeye namufunga mbio." Sijui kama alisema kweli. Plasta zote nilizoziona zilifanana.

Alipenda viatu vyeusi na alivipangusa kwa kipande cha gozi kila alipotoka nje, kazi isiyo na mwisho katika mji wetu. Alicheza dama kwa vifuniko vya chupa chini ya paa la kinyozi na aliiba wazi, akiamini hatumwoni. Aliimba kwaya ya misa ya kwanza bila sauti, akifungua mdomo tu, na mwalimu wa kwaya alimshukuru kwa hilo.

Na alikuwa hakosi matanga. Akifa mtu Majengo, alikuja, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, akanywa chai yake, akaondoka bila kwenda pale kwenye mkeka walipoketi wafiwa kuwapa mkono. Kwetu hilo ni kosa. Mfiwa huketi chini, wewe unainama, unamshika mkono, unasema pole. Bila hivyo hukuja. Wajane walimchukia kwa siku kadhaa. Mkubwa wa mtaa alimuuliza sababu mbele yetu, na muzee alijibu akitazama viatu vyake: "Mukono ya mutu naushika kwa kazi. Nikiushika, vidole vyangu vinaanza kutafuta fasi yenye imevunjika. Pa matanga nitatafuta nini?" Tuliona ni kiburi tu.

Sasa niseme habari ya pete.

Mkono ukivunjika huvimba, na pete haivimbi. Isipotolewa mapema, hukinyonga kidole. Kwa hiyo jambo la kwanza muzee alilofanya, kabla ya radio, kabla ya dawa ya maumivu, lilikuwa kuitoa pete. Alikuwa na msumeno mdogo wa gurudumu, kama kifungulio cha kopo la maziwa. Hakuomba ruhusa. Alikata, akatupa pete katika kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akasema utaichukua ukipona. Wengi hawakuichukua. Pete iliyokatwa inamtia mtu aibu nyumbani. Inaonekana kama ndoa imetobolewa. Kopo likawa zito, na mtaa ukaanza kusema kwamba Muzee wa Plasta anavuka mpaka kuuza dhahabu za wanawake. Volkano ilipokishukia kituo na kukifunika, na kopo na kabati na msumeno, ndipo wenye pete walipojitokeza wote, wanalia mali yao. Aliwaelekeza kwenye jiwe lililokuwa bado linatoa moshi. "Iko pale," aliwaambia. "Muchimbe."

Ukali wake juu ya pete ulikuwa na chanzo. Nilielezwa na mama mmoja wa Rutshuru aliyekuwa akiuza kabeji soko la Virunga, nikimshonea blauzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Mume wake alikuwa amechukuliwa na watu wa uasi kubeba risasi, na yule mama akaanguka akikimbia, akavunjika mkono. Alimpigia muzee magoti: asimtolee pete, maana mwanamke anayevua pete wakati mume hajulikani aliko amesema kwa mkono wake kwamba amekufa. Siku zile muzee alikuwa bado mtu wa kusikiliza. Alimwachia, akamwambia arudi upesi kidole kikibadilika rangi. Barabara ikafungwa kwa risasi. Alipofika, kidole kilikuwa cheusi.

"Na bwana?" nilimuuliza.

"Alirudia," alisema, akipanga kabeji zake. "Anakuta pete iko, kidole hakuna."

Hakumlaumu muzee. Lakini muzee hakumsikiliza tena mtu yeyote. Mimi niliondoka na neno moja tu katika habari ile: alirudi. Maana mume wangu naye alikuwa amekwenda Bunagana, mpakani, kuleta sabuni na vitenge kutoka upande wa Uganda, na barabara ikafungwa nyuma yake. Mmoja alisema gari lao liliteketea. Mwingine alisema alimwona Kisoro, kule Uganda, ana afya. Hakuna aliyeleta maiti wala barua. Mtu wa namna hiyo hapewi matanga, na mkewe hapewi pole, kwa sababu ukisema pole umemuua. Majirani waliniuliza, "Kuko habari?" Nikajibu hakuna. Baadaye hawakuuliza tena, na waliponiona sokoni waliongea habari ya bei ya maharage.

Siku ya volkano tulivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, pamoja na mji mzima, mimi na binti yangu Furaha na mama mkwe wangu. Nilibeba kichwa cha cherehani, maana ndicho kilichotulisha. Tuliporudi, mawe yalikuwa yamekauka juu lakini chini bado moto. Watu walivuka mbio kwani ukisimama soli zinayeyuka. Gamba likavunjika chini ya mguu wangu. Mtu mwenye akili angeuachia mzigo. Mimi niliukumbatia, na mkono wangu wa kushoto ukawa kati ya chuma na jiwe. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu.

Maumivu hayakuja. Ukweli ni kwamba tangu mume wangu aondoke vitu vingi vilikuwa haviji. Nilikula bila kujua kama kuna chumvi. Nilishona nguo za harusi za watu nikizitazama kama magunia. Nilitazama mkono unavimba, nikafikiri: na huu pia.

Muzee alikuwa akifanya kazi chini ya hema katika uwanja wa shule. Alinibonyeza mgongo wa mkono, mfupa baada ya mfupa, mpaka ule unaoshika kidole cha pete, na hapo mwili wangu uliruka wenyewe. "Funga ngumi." Nikafunga nilivyoweza. Kidole cha pete kilipanda juu ya kidole kidogo.

"Imejisokota," alisema. "Pete itoke."

Aliyejibu ni mama mkwe. Alikuwa mama mfupi wa Butembo, mtu wa rozari, na hakuwahi kunipandishia sauti.

"Mama Furaha," aliniambia, "ukitoa ile pete, umemuzika mutoto yangu."

"Na usipoitoa tutazika kidole," alisema muzee. "Kiisha atashona na nini?"

"Muzee, nakuomba."

"Mama, mimi nilishasikiliza mara moja."

Alinyoosha mkono nyuma yake bila kutazama, kutafuta msumeno, na mkono ukarudi mtupu. Alikuwa amesahau kwamba msumeno uko chini ya jiwe. Mama mkwe alifanya ishara ya msalaba.

"Unaona? Mungu mwenyewe amekatala."

"Mungu haiko na shida na musumeno yangu," alisema muzee. Akanigeukia. "Weye si mushonaji? Uzi iko wapi?"

Uzi nilikuwa nao, nimeufunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na sindano. Alipitisha ncha moja chini ya pete kwa tundu la sindano, akaiacha ining'inie upande wa kiganja. Sehemu iliyobaki aliizungusha kwenye kidole, mzunguko ukigusa mzunguko, ameikaza, kuanzia penye pete hadi ng'ambo ya fundo, mpaka uvimbe ukalala chini ya uzi. Akapaka sabuni. Kisha alishika ile ncha ya kwanza, akaanza kuufungua uzi kutoka chini, na kila mzunguko ulipofunguka uliisukuma pete hatua moja mbele. Ilikwama kwenye fundo. Alingoja, akapuliza kidogo kama mtu anayepuliza chai, akavuta tena. Pete ikaja nzima mkononi mwake.

Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge.

"Mama," muzee alimwita, na nilishangaa sauti yake. "Mutoto yako alimuvalisha kwa mukono gani?"

"Ya kushoto."

"Kama angemuvalisha kwa ya kuume, haingekuwa ndoa?"

Mama mkwe alifunua uso. Muzee alimpa pete, na yeye ndiye aliyenivalisha, mkono wa kulia, akinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie humo hemani. Nadhani hapo ndipo nilipaswa kulia. Niliona tu kwamba upande huo ilikuwa imebana kidogo.

Kisha muzee akanikunja fundo la ngumi, akakigeuza kidole mpaka kucha ikaangalia wenzake, akakifunga pamoja na jirani yake, pamba katikati, juu ya kipande cha katoni ya biskuti, maana plasta ilikuwa haijafika na mkono uliovimba haufungwi plasta nzima. "Kidole hakilalake peke yake," alisema, msemo aliomwambia kila mgonjwa. "Mukono ulale juu ya roho, hapa kwa kifua, usiuachilie chini. Na kama vidole vinakufa ganzi, urudie mbio."

Nikamwambia ganzi ninayo tangu zamani. Alikaza fundo la mwisho, akamwita mgonjwa mwingine.

Mkono ulipona. Nilishona tena. Uasi mmoja ukaondoka, mwingine ukaja na jina jipya. Mama mkwe alikufa katikati ya mmoja wao, kwa ugonjwa wa kawaida, akishika mkono wangu wa kulia na kuigusa pete kwa gumba lake. Furaha akaolewa. Kila mara watu walipokuja kutoka upande wa Bunagana, nilikwenda barabarani kuwatazama nyuso, mpaka siku moja nikagundua kwamba nawatazama lakini sitafuti mtu.

Volkano ilipolipuka tena tulielekezwa Sake, mji wote kwa miguu, magodoro vichwani. Nilimkuta muzee katika uwanja wa parokia, ameketi juu ya kiti cha plastiki, mzee kabisa sasa, koti jeupe halipo, viatu vyeusi vinang'aa. Mikono yake ilitetemeka mapajani. Alistaafu zamani. Nilisimama mbele yake sijui kama atanitambua.

"Funga ngumi," alisema.

Nilimfungia mkono wa kushoto. Aliutazama kwa muda. "Haimupandi mwenzake," alisema. "Iko muzuri, Mama Furaha." Ndipo macho yake yalipokwenda mkono wa kulia. Nilikuwa nimenenepa kwa umri na kwa kukaa kwenye cherehani, na nyama ya kidole ilikuwa imepanda pande zote mbili za pete.

"Ile inauma?"

"Hapana, muzee. Siisikii."

Nilingoja amri. Alikuwa mtu wa kuamuru. Lakini alitazama pembeni, kwenye watu waliokuwa wakitandika vitenge chini, akapangusa kiatu kimoja nyuma ya mguu wa suruali. Na kwa sababu amri haikuja, nilijikuta nafungua ncha ya kitenge changu na kutoa uzi.

Vidole vyake havikuweza tena. Nilizungusha mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ule aliouponya, nikishika ncha kwa meno, naye akinielekeza: "Kaza. Usiache nafasi. Sasa sabuni. Vuta polepole." Mama mmoja aliyekuwa akifua karibu alitupatia povu la sabuni yake. Ilikwama penye fundo, kama zamani. Nilingoja, nikavuta, ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe na laini, imezama kama mfereji.

Muzee aliichukua kiganjani. "Tuvalishe wapi?" aliuliza.

Nilitazama mikono yangu yote miwili.

"Mikono imekwisha, muzee," nilimwambia.

Kisha alisimama, jambo lililomchukua muda, akishika mgongo wa kiti. Aliingiza pete katika ncha ya kitenge changu na kuipiga fundo yeye mwenyewe, kwa shida. Akafuta kiganja chake kwenye suruali, akaninyooshea mkono. Niliushika. Nilingoja vidole vyake vianze kutafuta mifupa. Havikutafuta kitu, vilitetemeka tu ndani ya vyangu.

"Pole ya bwana, Mama Furaha."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Niliketi chini kwenye mchanga mweusi, na sauti iliyotoka kwangu sikuijua. Wamama waliokuwa uwanjani walimwona mwanamke ameketi chini analia na mzee ameinama amemshika mkono. Waliacha masufuria yao. Wakaja mmoja baada ya mwingine, wakainama, wakanipa mkono, wakasema pole, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyekufa.